Mume na Mke Katika Chombo Kimoja

Somo: Zaburi 107:23-30



Siku hizi mume na mke wenye uwezo hulipa nauli, wakapanda meli kubwa kama mji, wakatembezwa visiwa vya Karibi, kisha wakarudi kwao na picha. Kupumzika si dhambi. Lakini leo tutazame mume na mke wengine waliosafiri baharini. Safari yao yatuhusu hata sisi wa Korbesa, tunaoujua mto Ewaso Nyiro kuliko bahari.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alimwoa Rosine Dietrich huko Misri mwaka 1842. Nia yao ilikuwa kuwapelekea Waoromo Injili, na Waborana ni tawi la Waoromo hao. Walijaribu kupitia Uhabeshi, wakazuiwa, na njiani wakamzika binti yao mchanga. Ndipo wakaamua kuzunguka kwa bahari na kuwatafuta Waoromo kutoka upande wa kusini.

Novemba 1843 walipanda jahazi bandarini Aden. Dhoruba ikawapiga, chombo kikavuja, maji yakatekwa na kumwagwa, na upepo ukawarudisha Aden. Fikiri, ndugu yangu: mke aliyekwisha kufiwa na mtoto, nguo zimelowa, safari imeharibika. Siku chache baadaye walipanda chombo kingine, wote wawili. Januari 1844 wakafika Unguja, ambako Sultani Seyyid Said aliwapokea vema. Kisha wakaenda kukaa Mombasa.

Julai mwaka huo Rosine alijifungua binti, naye Krapf alikuwa mgonjwa wa homa. Tarehe 13 Rosine akafariki, na mtoto akamfuata. Rosine alikuwa ametaka azikwe bara, kando ya njia, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao kwa nini alikuja.

Labda wauliza: Je, Mungu hakusikia? Zaburi yetu yasema kwamba wasafiri walimlilia Bwana, naye akawafikisha bandarini. Msikilizaji, Biblia haisemi kwamba kila bandari iko upande huu wa mauti. Wala Mungu hakuliacha lile kaburi liwe mwisho wa safari. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Rebmann walianza kazi Rabai. Mwaka 1862 aliwaleta Wamethodisti Ribe, na baadaye Kanisa hilo likafika Golbanti, kando ya mto Tana, kati ya Waoromo. Mwaka 1899 Biblia nzima ikachapwa kwa Kioromo, kazi ya Onesimos Nesib, mwenyewe Mworomo, akisaidiwa na Aster Ganno. Krapf alifariki mwaka 1881, hakuiona.

Sasa tujiulize sisi tulio katika ndoa. Kiangazi kikizidi, baba huondoka na ng'ombe kutafuta malisho mbali. Mama hubaki na watoto, na maji, na deni dukani. Baba akirudi na mifugo michache, maneno huanza. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa ndiye aliyetoboa chombo! Lakini maji yakiingia chomboni, hayaulizi ni nani aliyekosea. Humzamisha baba na mama pamoja, na watoto wao. Wakati huo kazi ni moja: kuteka maji na kumwaga, bega kwa bega, huku mkimlilia Bwana.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, mwambie mwenzako jambo moja alilolibeba peke yake ulipokuwa mbali, nawe umshukuru kwa ajili yake. Kisha ombeni pamoja, hata kama ni maneno machache.

Tuombe. Ee Bwana, utulizaye mawimbi, ingia katika nyumba zetu. Uwalinde walio mbali na mifugo, uwatie nguvu waliobaki, na utufikishe sote bandarini kwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.