Bunga nyeupe haitoshi: tujue muhogo umebadilika namna gani



Siku moja ya soko tulisimama kando ya mulini pamoja na wamama wa koperative moja. Mifuko miwili ya mihogo mikavu ilikuwa chini, yote myeupe. Mihogo ya mfuko wa kwanza ililala ndani ya maji siku tatu. Ile ya mfuko wa pili ililala usiku mmoja tu, juu mnunuzi alikuwa anaharakisha na lori lilikuwa linangoja. Mama mmoja akatuuliza: «Kama yote inakauka, na yote inasagwa, tofauti iko wapi?»

Ulizo hilo ni zuri sana. Jibu lake linaweza kuokoa miguu ya mtoto. Ndiyo maana tunaandika.

Kubadilika sura, na kubadilika asili

Tuanze na mafuta ya mawese. Kule milimani, asubuhi ya baridi, mafuta yanaganda ndani ya chupa. Ukiyaweka karibu na moto yanatiririka tena. Ni mafuta yaleyale. Au chukua chumvi: ukiitia ndani ya maji huioni tena, lakini maji yakichemka mpaka yaishe, chumvi inabaki chini ya sufuria. Hayo tunayaita mabadiliko ya kifizikia. Sura imebadilika, asili haikuguswa.

Sasa angalia makala. Mti ukishakuwa makala, hakuna njia ya kuurudisha kuwa mti. Mafuta ya mawese yakichanganywa na soda kali yanakuwa sabuni, na sabuni hairudi kuwa mafuta ya kukaangia. Maji ya ndizi yanatoa povu, yanabadili harufu, yanakuwa kasiksi. Hayo ni mabadiliko ya kemia: kitu cha zamani kimevunjika, kitu kipya kimezaliwa.

Alama za kemia ni hizi: harufu mpya, rangi mpya, povu, au joto linalotokea bila moto. Lakini usiamini alama moja peke yake. Maji yanayochemka yanatoa mapovu pia, na ni maji tu yanayogeuka mvuke. Jiulize kila mara: kitu cha kwanza kingali pale, ao kimegeuka kitu kingine?

Sumu ya muhogo iko wapi?

Ndani ya muhogo, zaidi ule mchungu, kuna kitu kinachoitwa linamarini. Kando yake, lakini chumba tofauti, kuna aina ya chachu ya muhogo wenyewe iitwayo linamaraza. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukikatwa, ukipondwa ao ukioza ndani ya maji, kuta za vyumba zinabomoka na vinakutana. Hapo linamaraza inaivunja linamarini, na mwishoni inatoka sianidi. Hiyo ni sumu kali, lakini iko na tabia moja inayotusaidia: inageuka gesi kwenye joto la digrii 26 hivi, na inayeyuka ndani ya maji. Kwa hiyo inaweza kuondoka.

Basi tupitie kazi zetu moja moja:

– Kumenya na kukata ni fizikia. Kunafungua mlango, lakini kazi ya kemia inaanza tu.
– Kulowesha ni kemia. Vijidudu vya maji vinalainisha muhogo, kuta zinabomoka, linamarini inavunjika. Ile harufu kali ndiyo alama yake.
– Kukausha ni fizikia zaidi. Maji yanatoka na gesi inatoka. Lakini linamarini ambayo haikuvunjika inabaki palepale, imekauka pamoja na muhogo.
– Kusaga ni fizikia. Mulini haujui sumu. Unafanya tu vipande vidogo.
– Kupika kunatudanganya. Moto mkali unaiua ile chachu, linamaraza, lakini linamarini inavumilia moto. Basi ukipika haraka muhogo mchungu ambao haukuloweshwa, umemfukuza mfanyakazi kabla ya kazi kuisha.

Sasa tunaweza kumjibu mama. Mifuko yake miwili ilipita katika fizikia ileile. Kemia ilimalizika katika mmoja tu.

Konzo haina haraka, lakini hairudi nyuma

Linamarini inayoliwa inaweza kutoa sianidi ndani ya mwili. Ikiwa kila siku, kwa majuma mengi, na mtu hapati maharagwe, samaki wala nyama, ugonjwa wa konzo unaweza kumshika. Jina hilo ni la Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka 1938. Unashika ghafula, miguu yote miwili inakuwa migumu, na haiponi. Watoto na wamama wenye umri wa kuzaa ndio wanashikwa zaidi. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1.000 walipatwa katika jimbo la Nampula, Msumbiji.

Hata kwetu, watafiti waliofanya kazi Bandundu waliona jambo la kusikitisha: barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa na biashara ya muhogo kukua, watu walipunguza siku za kulowesha, toka tatu hadi moja. Haraka ya soko ililipwa kwa miguu ya watu.

Tufanye nini?

Kwanza, muhogo mchungu ulale ndani ya maji siku 3. Pale kwenye baridi, ongeza siku. Usihesabu tu: bonyeza. Ukivunjika kwa vidole na nyuzi zikatoka kirahisi, uko tayari. Maji hayo yamwagwe mbali na chemchemi, na mbuzi wasiyanywe.

Pili, kama una mashaka na bunga, ilowanishe. Tia bunga kavu ndani ya beseni na weka alama pale inapofika. Mimina maji kidogo kidogo ukikoroga. Bunga itashuka, kisha itapanda tena. Ikifika kwenye alama, acha maji. Itandaze juu ya mkeka ao shitingi safi, unene usipite sentimita 1. Iache saa 2 juani, ao saa 5 kivulini. Chachu iliyobaki inamaliza kazi yake, gesi inatoka. Pika bugali siku ileile. Wamama wengi wa Kwango walifundishwa njia hii ili kuizuia konzo.

Tatu, bugali iwe na maharagwe ao ndagala. Mwili nao unafanya kemia yake: unatumia salfa ya vyakula hivyo kugeuza sianidi kuwa kitu kisicho kali, kinachotoka kwa mkojo.

Nne, hili ni la koperative nzima. Mama mmoja hawezi peke yake kumkatalia mnunuzi mwenye lori. Lakini kama wanamemba wote wanakubaliana kwamba hakuna muhogo wa usiku mmoja unaotoka kwenye depo yetu, mnunuzi atangoja siku tatu.

Mtu akikosa ghafula nguvu za kutembea, mpelekeni kituo cha afya bila kukawia.