Kukata na Kuunga: Fani ya Kuhariri Video za Nyumbani

Ni nadra siku hizi kuingia nyumba, iwe ya mjini au ya shamba, isiyokuwa na akiba ya picha na vipande vya video vilivyolala ndani ya simu: harusi ya mwaka juzi, maulidi ya mtaani, mtoto akijifunza kutambaa, marehemu babu akicheka barazani; na aghalabu akiba hiyo hupotea pamoja na simu yenyewe, au hubaki lundo lisilotazamwa na mtu, kwa kuwa hapana aliyejitolea kulipa tartibu. Ajifunzaye kuhariri video za nyumbani huwapa jamaa zake kumbukumbu inayotazamika, na kwa sababu hiyo naihesabu kazi hii kuwa ya heshima, wala si mchezo wa vijana wenye nafasi.

Jambo la awali ambalo mwanafunzi wa fani hii hana budi kulifahamu ni kwamba maana haimo ndani ya picha moja peke yake, bali huzaliwa pale picha mbili zinapokutana. Mwalimu wa sinema wa Urusi, Lev Kuleshov, alilidhihirisha hilo miaka michache baada ya mapinduzi ya 1917, alipochukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usioonyesha furaha wala huzuni, akauunga na picha ya bakuli la supu, kisha na ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Na yasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, majonzi na shauku, ilhali uso ulikuwa ule ule mmoja. Mwaka 1927 Esfir Shub, mwanamke wa nchi hiyo hiyo, alitunga filamu nzima juu ya kuanguka kwa ufalme wa Romanov kutokana na vipande vilivyopigwa na watu wengine, vikiwamo vile vilivyopigwa kwa ajili ya jamaa ya mfalme yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchagua, kukata na kuunga, na vipande vilivyokusudiwa kumtukuza mfalme vikageuka kuwa ushahidi dhidi yake.

Kwa hiyo kipaji cha kwanza cha mhariri ni kukata. Sherehe ya saa tano haistahili filamu ya saa tano, na shangazi aliyepigwa picha akila pilau mara saba atatosheka kuonekana mara moja, tena vizuri.

Picha mnato nazo zina adabu zake. Mwaka 1957, huko Kanada, Colin Low na Wolf Koenig walitengeneza filamu iitwayo City of Gold, ambayo sehemu yake kubwa ni picha kongwe za mji wa Dawson wakati wa mbio za dhahabu. Kamera yao ilitembea juu ya picha hizo kwa utaratibu, ikitafuta uso huu na mkono ule, hata watu waliokwisha kufa zamani wakawa kama wanaopumua. Ustadi huo leo umo ndani ya programu nyingi za kuhariria, za simu au za kompyuta, na baadhi yake, mathalani Kdenlive na OpenShot, hazina malipo.

Tuchukue mfano wa bibi anayetengenezewa filamu fupi na wajukuu zake. Ipo picha yake ya ujanani, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa pengine katika Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, ambayo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930. Na kipo kipande cha video cha juzi, amekaa jamvini anasuka ukili huku akizungumza. Anayeanza huziweka mbili hizo mfululizo tu, moja ikiisha nyingine ianze. Fundi huiacha picha ya studio ikae sekunde tano au sita, ikisogea polepole kutoka kwenye vazi lote mpaka machoni, na kabla haijaondoka, sauti ya bibi wa leo huanza kusikika, kikohozi kidogo, kisha neno lake la kwanza. Ndipo picha ibadilike, tuione mikono yake ikipishanisha miyaa. Kwa sekunde mbili hivi yule msichana wa studio huzungumza kwa sauti ya ajuza, na umri mzima huwa umevukwa pasi na msimulizi kutaja tarehe.

Ndiyo maana nawasihi wanaojifunza waitunze sauti kuliko mapambo. Mtazamaji huvumilia picha iliyotikisika, lakini maneno ya mzee yakimezwa na muziki humfanya asikitike au aondoke. Muziki na ushushwe kila mtu anapozungumza, na kazi isikilizwe kwa hedifoni kabla ya kutolewa. Ama zile nyota, mioyo na kurasa zinazojikunja kati ya picha na picha, hizo huficha maungio dhaifu, na ungio zuri halihitaji kufichwa.

Picha ziombwe zikiwa za asili. Zinazotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora njiani, basi heri zitumwe kama dokumenti. Na picha ya karatasi ipigwe karibu na dirisha, kivulini, bila mmweko, isije ikang'aa.

Kazi ikikaribia kwisha, aitwe mtu wa nyumbani asiyekuwapo siku ya tukio, aitazame, na mhariri amtazame yeye, wala si kioo. Macho yake yanapohama, hapo pana la kukatwa. Kisha nakala ziwekwe mahali pawili mbalimbali, na vipande vya asili visifutwe, maana filamu ikishaonekana, jamaa wa Tanga au Muskati hawakosi kutokea na albamu ambayo hakuna aliyejua kwamba ipo, na hapo kazi hufunguliwa upya.