Makorokoro Yetu Mnadani

Mara hii nimeombwa niandike habari ya kuuza vitu vya nyumbani kwa mnada wa mtandaoni, kwa kuwa jamaa wengi wa Louisville, Columbus na Buffalo wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza mambo hayo. Nimekubali kwa sharti moja, nalo ni kwamba nieleze pia lile lililotutia katika mzozo. Mwalimu anayefuta makosa yake ubaoni kabla wanafunzi hawajayaona, huwa amewanyima nusu ya somo.

Mwezi wa Machi mwaka jana tulikwenda Buffalo kumhamisha shemeji yetu, mjane wa rafiki yangu niliyesoma naye chuoni tukiwa watoto na baadaye sekondari. Eda yake ilikuwa imekwisha, na binti yake aliye hapa Louisville alimtaka aje kukaa naye. Nyumba ilikuwa ya kupanga, ikitakiwa iachwe tupu mwisho wa Aprili. Marehemu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Chumba cha chini ya nyumba kilijaa hadi ngazini: saa tatu za ukutani zisizokwenda, mashine ya kushonea isiyo na kanyagio, masanduku ya sahani, vikapu, vitabu vya ufundi, na redio kubwa aliyokuwa akiipangusa vumbi kila Ijumaa.

Mpwa wangu wa Columbus alisema tuite lori la taka. Shemeji hakujibu neno. Alichukua sahani moja, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akairudisha mahali pake. Hapo nikasema, "Tuviuze, na fedha zilipe lori la kuhamia." Tangu Buffalo hadi Louisville, kwa njia ya Cleveland na Columbus, ni zaidi ya maili 500, na lori la kukodi si bei ya karanga.

Tuanze na asili ya mnada huu. Soko la eBay lilianzishwa mwaka 1995 na Pierre Omidyar, kijana aliyezaliwa Paris kwa wazazi wa Kiirani, kisha akaletwa Marekani angali mtoto. Naye basi ni mtoto wa wahamaji kama watoto wetu. Kitu cha kwanza kuuzwa huko kilikuwa kitaa cha kuonyeshea cha mwali wa leza, tena kibovu, nacho kilipata dola 14 na senti 83. Inasimuliwa kwamba Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa kitu chenyewe ni kibovu. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya vibovu vya namna hiyo. Katika kisa hicho kidogo mna mafunzo mawili: kila korokoro lina mwenyewe, na muuzaji huuza pamoja na aibu ya kitu chake.

Mnada wenyewe huenda hivi. Muuzaji hupiga picha, huandika maelezo, hutaja bei ya kuanzia, na huchagua muda, aghalabu siku 7. Mnunuzi huandika kwa siri kiwango cha mwisho anachoweza kutoa. Mtambo humpandishia bei kidogo kidogo, kwa kadiri tu ya kumpita mshindani wake, wala hauonyeshi siri yake. Mtu aliyeandika dola 200 huenda akakipata kitu kwa dola 60 ikiwa hakuna aliyemsukuma. Likumbuke vizuri jambo hili, maana ndilo lililozaa mzozo wetu.

Nikaweka picha 40 za vitu vya shemeji. Vikapu ndivyo vilivyotutia tamaa kwanza. Vilikuwa vya Longaberger, kampuni ya huko Ohio iliyosuka vikapu vya mti wa mepo, kila kimoja kikitiwa sahihi ya msukaji. Kampuni hiyo ilivuma hata ikajenga makao yake makuu huko Newark, mashariki ya Columbus, kwa umbo la kikapu chenye mikono yake, jumba la ghorofa 7 lililofunguliwa mwaka 1997. Watu walivinunua kama wanaonunua dhahabu. Lakini kampuni ilisimama mwaka 2018, na wenye vikapu waliviuza wote kwa pamoja, bei ikaanguka. Vikapu sita vya marehemu vilituletea dola 51. Basi ukitaka kujua thamani ya kitu, usitazame bei wanayoomba wauzaji; tazama bei ya vile vilivyokwisha kuuzwa. Kuomba ni kwa kila mtu, kulipwa ni kwa wachache.

Sahani nazo zilitushangaza. Zilikuwa nzito, za mikahawa, zenye muhuri wa Buffalo chini yake. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1901 na kampuni ya sabuni ya Larkin ya mji huohuo, iliyokuwa ikitoa vyombo kama zawadi kwa wanunuzi wake. Marehemu alizinunua kwa senti katika maduka ya vitu vikuukuu. Sahani 22 zilileta dola 140. Zingeleta zaidi, lakini mbili zilifika California zimevunjika kwa sababu nilizilaza. Sahani husimamishwa kwa ubavu kama vitabu rafuni, kila moja na nguo yake ya plastiki ya vipovu, na boksi likitikiswa lisitoe sauti. Nilirudisha fedha za mnunuzi siku ileile.

Baada ya hayo ikaja zamu ya redio. Ilikuwa Zenith Trans-Oceanic, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1942 na kampuni ya Zenith ya Chicago, redio ya kubebwa mkononi yenye mawimbi mafupi. Marehemu aliinunua katika miaka yake ya kwanza hapa, akitumaini kusikia sauti za nyumbani. Aghalabu alipata mkwaruzo tu, lakini alikaa nayo usiku mzima wa theluji, akizungusha kitufe. Niliianzishia dola 20. Siku ya tano ilikuwa dola 96. Siku ya sita, asubuhi, nikakuta dola 183. Nikamwita shemeji kwa simu kumpa habari njema.

Jioni yake mpwa wangu akanipigia. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba, baba." Akacheka. "Umeiona redio? Mimi ndiye niliyeipandisha. Yuko mtu mmoja huko mbali anaitaka sana, kila nikiongeza naye anaongeza. Nitamwachia saa za mwisho."

Nilinyamaza kidogo. Nikamuuliza, "Wewe unaitaka redio hiyo?"

"Hapana, Mjomba. Namsaidia shangazi. Yule mtu mwenyewe kakubali kulipa. Nani kaonewa?"

Waungwana, swali hilo si jepesi. Aliyelipa alilipa kwa hiari yake. Mpokeaji ni mjane. Na mimi nilikwisha mtangazia shemeji dola 183. Lakini neno alilolifanya mpwa wangu lina jina, na nililisoma nikiwa mtoto nimekaa mkekani: najash, yaani kuongeza bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili mwingine aingie mtegoni. Mtume alilikataza. Wala haukukatazwa mnada wenyewe. Imepokewa kwa Anas bin Malik kwamba Mtume mwenyewe alinadi vitu vya nyumbani vya maskini mmoja wa Ansari, tandiko na bakuli la kunywea maji, akiuliza nani atazidisha, mpaka vikafika dirhamu mbili. Moja ilinunua chakula, ya pili ikanunua shoka, na yule mtu akaenda kutema kuni akapata dirhamu kumi. Angaliene, ndugu zangu: hao nao walikuwa na shida, na vitu vyao vilikuwa makorokoro kama yetu, lakini aliyezidisha alizidisha kwa kutaka kununua.

Sheria za soko hili nazo zinasema vivyo hivyo: jamaa, rafiki na mkaazi mwenzio hawaruhusiwi kupandisha bei ya kitu chako. Mwaka 2000 picha moja iliyodhaniwa kuwa ya mchoraji Richard Diebenkorn ilifika dola 135,805. Ikagunduliwa kwamba muuzaji alishiriki yeye mwenyewe kuipandisha bei, pamoja na wenzake. Mauzo yakafutwa, na mambo yakaishia mbele ya mahakama. Sisi na redio yetu hatukuwa na makubwa kama hayo, lakini mlango ni uleule.

Nilimjibu mpwa wangu, "Sadaka hutoka mfukoni mwa mtoaji. Hii yako umeitoa mfukoni mwa mtu usiyemjua." Kisha, kwa hasira, nikayasema maneno hayohayo katika mazungumzo ya simu ya ukoo mzima, wakubwa kwa watoto. Yeye akakata simu. Dada yangu akaniambia, "Kaka, mtoto alikuwa na nia njema, nawe umemvua nguo barazani."

Usiku ule nilikaa mbele ya kompyuta kuyafuta madau yake, kwani muuzaji anaweza kufanya hivyo, na bei hujirudi yenyewe. Kabla ya kubonyeza, nikayasoma tena maelezo niliyoyaandika mwenyewe. Nilikuwa nimeandika: hali nzuri, inafanya kazi. Ukweli ni kwamba nilijaribu wimbi moja tu, na mkono wake una ufa ambao nilikuwa nimeugeuzia ukutani wakati wa kupiga picha. Sikusema uongo, lakini niligeuza redio. Basi kati yangu na mpwa wangu, nani aliyefaa kumsomesha mwenziwe?

Nilifuta madau, bei ikarudi dola 101. Nikaongeza katika maelezo habari ya ufa na ya mawimbi nisiyoyajaribu. Nikamwandikia yule aliyekuwa mbele kumweleza kwa nini bei imeshuka, na kwamba akitaka kujitoa sitamlaumu. Hakujitoa. Kesho yake mnada ulipofungwa redio ilisimama kwenye dola 118. Kampuni ilichukua ada yake, ambayo kwa vitu vingi ni kiasi cha dola 13 katika kila 100, tena huhesabiwa pamoja na gharama ya posta.

Niliona haya kumpigia shemeji. Nilipomweleza, aliuliza, "Huyo aliyeinunua, anajua kuizungusha?" Nikamwambia ameandika kwamba anazo nne kama hiyo. Akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kama lori limekwisha lipiwa. Lilikuwa bado, zilipungua dola 60 na kitu.

Mpwa wangu hakusema nami kwa muda wa wiki mbili. Nilimpigia kwanza mimi, nikamwomba radhi kwa kumsema mbele ya watu, nikamsimulia habari ya ule ufa. Hakusema kwamba nilikuwa na haki, na mpaka leo hasemi. Lakini siku ya kuhama alikuja Buffalo kwa basi, akaendesha lori mwenyewe hadi Louisville, na kodi iliyopungua aliilipa kwa kadi yake. Nilipotaka kumrudishia alinitazama akasema, "Hii ni ya mfukoni mwangu, Mjomba." Nikanyamaza.

Kwa wale wanaotaka kuanza, nawaachia haya machache. Pigeni picha ya kilema kwanza, kisha ya uzuri. Pimeni kitu kwa mizani kikiwa ndani ya boksi, siyo kabla, maana posta hula faida yote. Vitabu vina nauli yake nafuu katika posta ya serikali. Sisi wa Louisville tuna bahati ya kuwa na kituo kikuu cha ndege cha UPS, ambapo vifurushi zaidi ya 400,000 huweza kuchambuliwa kwa saa moja. Vijana wetu kadhaa wamefanya kazi ya usiku pale, nao ndio walionifundisha kufunga boksi kana kwamba litaangushwa, kwa sababu litaangushwa. Msimamishe mtu wa nyumbani kuongeza bei, hata kwa mapenzi. Na kabla ya kuuza cha marehemu, muulizeni aliyebaki, mara mbili.

Saa moja ya ukutani haikupata mnunuzi. Iko kwa shemeji, hapa Louisville, mitaa miwili kutoka kwangu. Haiendi, lakini ameitundika.