Njia tulivu za baiskeli: Kitale na Bungoma zinavyoweza kuzitambua

WAENDESHAJI baiskeli katika miji ya Kitale na Bungoma hugawana barabara na malori ya masafa marefu. Barabara ya A1 iendayo Lodwar hupitia Kitale, nayo ya A8 iendayo mpakani Malaba hupitia Kanduyi, kilomita chache kutoka katikati ya Bungoma.

Hatari hiyo si ndogo. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), watu 4,748 walifariki katika ajali za barabarani nchini mwaka wa 2024.

Hata hivyo, baiskeli si ngeni magharibi mwa Kenya. Jina bodaboda lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, baiskeli zilipovusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Pikipiki ziliteka biashara hiyo baada ya serikali kuziondolea kodi mwaka wa 2008. Lakini wanafunzi, vibarua na wachuuzi wa maziwa wangali wanategemea baiskeli.

Njia mojawapo ya kuwanusuru ni safari ya pamoja ya kutafuta barabara tulivu. Safari hii ni tofauti na misafara ya Critical Mass, iliyoanzia San Francisco, Marekani, mwaka wa 1992 na kufika Nairobi baadaye. Misafara hiyo huingia barabara kuu ili madereva wawatambue waendeshaji. Safari ya njia tulivu hutafuta pa kupita bila kukutana na malori.

Utaratibu wake ni mwepesi. Kikundi huondoka asubuhi ya Jumapili, kabla magari hayajawa mengi. Kiongozi hutangulia, mwingine hufunga msafara ili asiachwe mtu, na mwendo hufuata yule aliye mnyonge zaidi. Wakipita, hunakili mashimo, mitaro isiyofunikwa, sehemu zisizo na taa na zile zinazogeuka matope masika. Kipimo ni kimoja: je, mzazi angemruhusu mwanawe apite hapo peke yake?

Aghalabu tatizo halimo mitaani. Njia tulivu hukatika inapolazimika kuvuka barabara kuu, nayo haifai kitu ikiwa kivuko hicho ni cha kuhatarisha roho. Kwa hivyo, rekodi ya vivuko ndiyo tunda kubwa la safari.

Rekodi hiyo yafaa kupelekwa panapostahili. Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la barabara zao, ilhali barabara kuu kama A1 na A8 zi chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu (KeNHA). Taa za mtaani zitaombwa katika vikao vya umma vya bajeti ya kaunti. Kivuko cha Kanduyi kitaombwa KeNHA. Ombi linalotaja mahali hasa na kasoro yake ni vigumu kulipuuza.