Una kesi Dubai? Ijue kwanza kabla hujamlipa mtu

Mtu akikwambia "nina kesi", muulize ni kesi gani. Wengi hawajui. Kuna kuzidisha siku za viza, kuna bosi kukuripoti kwamba umetoroka kazini, kuna deni la benki, na kuna kesi yenyewe ya polisi. Kila moja ina mlango wake. Dalali anafurahi ukizichanganya, maana bei inakuwa moja tu, na ni ya juu.

Kuzidisha siku ni faini ya dirham 50 kwa siku. Inauma, lakini inajulikana. Kwenye msamaha wa 2024, ulioanza Septemba 1 na kuongezwa hadi Desemba 31, watu walifutiwa faini hizo wakaondoka bila kufungiwa kurudi, au wakatengeneza makaratasi na kubaki. Madeni na kesi za jinai havikufutwa.

Cheki iliyorudi kwa kukosa pesa, tangu Januari 2022, kwa kawaida si jinai tena. Inadaiwa mahakamani, na mdai anaweza kuomba uzuiwe kusafiri. Programu ya simu ya Dubai Police inakuonyesha kama una kesi ya kifedha. Unahitaji Emirates ID tu, na ni bure. Ila ni ya Dubai peke yake. Kama ulikopa ukiwa Sharjah, hapo hutaiona.

Panapokula pesa nyingi ni kwa aliyehukumiwa na kurudishwa kwao kwa amri. Huko nyumbani ajenti anamwambia: tengeneza pasipoti mpya, badilisha jina kidogo, utapita. Familia inauza ng'ombe. Lakini viwanja vya ndege vya Emirates vimekuwa vikipima macho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kuwakamata hao hao. Jina linabadilika, jicho halibadiliki. Njia iliyopo ni kuomba kibali cha kurudi kwa mamlaka ya uhamiaji, na wanaweza kukataa. Kwa hiyo dada, kaka, viza ya kazi isilipiwe kabla jibu halijatoka.

Na wewe uliyemaliza kesi yako, usiondoke mahakamani au kituoni mikono mitupu. Omba karatasi inayoonyesha kesi imefungwa, ipige picha, mtumie ndugu unayemwamini. Simu hupotea, na bosi mpya akikwama kwenye viza yako, ataulizia hiyo karatasi kwanza.