Baridi ya Tukuyu Isiwafukuze Sebuleni

Kama umewahi kulala Ibighi mwezi wa saba, unanielewa. Ukungu unashuka kutoka Mlima Rungwe, sakafu ya saruji inauma nyayo, na saa mbili usiku wawili mmeshakimbilia kitandani, kila mtu na simu yake.

Mimi huanzia chini. Saruji hunyonya joto la miguu, kwa hiyo tandika mkeka, juu yake zulia. Pazia liwe zito, lifike sakafuni, na ulifunge kabla jua halijazama. Balbu nyeupe kali itoe, weka ya njano, tena kwenye taa ya kona. Mito ivalishe kitenge cha rangi ya chungwa au kahawia. Fundi wa mtaani atakushonea.

Halafu kuna jiko la mkaa. Najua linavyovutia! Lakini msilifungie ndani hata kidogo, chumbani ndiyo kabisa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Makaa mekundu yasiyo na moshi nayo ni yaleyale. Jiko libaki barazani. Ndani ingieni na chupa ya chai na blanketi la kujifunika wawili. Moja tu, jamani!