Mpasuaji wa Bunj na Swali la Wazazi wa Nyeri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mpaji wa elimu na afya. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wa bara, hasa wale wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru, wana swali ambalo hurudi kila mara matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa. Mtoto amefaulu vizuri, na shauku yake ni kusomea udaktari, kisha upasuaji. Babake ana shamba dogo la majani chai au la kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ng'ombe wawili wa maziwa, na bonasi ambayo hata haijalipwa imeshapangiwa matumizi. Je, auze ng'ombe? Akate kipande cha shamba alichorithi? Na akishauza, mtoto atarejea kuwafaa watu wake, au atapotelea mbali, na shamba nalo limekwenda?

Swali hili si la fedha peke yake. Ndani yake mna swali la nia: udaktari unasomewa nini? Kabla ya kulijibu, napenda kuwasimulia wasomaji maisha ya daktari mmoja wa nchi jirani, kwa kuwa yeye amelijibu kwa mikono yake.

Kutoka Torit hadi Kurmuk

Daktari Evan Atar Adaha asili yake ni Torit, mji mdogo wa kusini mwa Sudan Kusini, katika jimbo linalopakana na Kenya na Uganda, ambako watu wengi huishi kwa kulima na kufuga. Alipata ufadhili wa kusomea udaktari Khartoum, na baadaye akafanya kazi Misri. Kwa mwanafunzi aliyetoka mji kama ule, katika nchi iliyokuwa vitani, kufika Misri na kupata kazi ya udaktari kungetosha kuitwa mafanikio. Wazazi wengi wangeshukuru, wakaishia hapo.

Yeye hakuishia hapo. Mwaka 1997 vita vilipokuwa vikiwaka katika jimbo la Blue Nile, alijitolea kwenda Kurmuk, mji ulio mpakani na Ethiopia, karibu kabisa na uwanja wa mapambano. Hakukuta hospitali ya kumpokea, basi akaianzisha mwenyewe. Kwa miaka kadhaa aliwapasua majeruhi na raia wa kawaida, wakiwamo wanawake walioshindwa kujifungua, mahali ambapo ndege za vita zilikuwa zikipita juu ya mapaa.

Magari manne na trekta moja

Mwaka 2011 vita vilizuka upya katika Blue Nile, na maelfu ya watu wakakimbilia Sudan Kusini, iliyokuwa imepata uhuru mwezi Julai mwaka huohuo. Daktari Atar na wenzake walipakia vifaa vya hospitali walivyoweza kuvichukua katika magari manne na trekta moja, wakaondoka. Safari yao ilichukua zaidi ya mwezi mzima katika njia zisizo na alama. Walifikia Bunj, katika kaunti ya Maban.

Huko alipewa kituo cha afya kilichotelekezwa. Meza ya upasuaji haikuwapo, akapanga meza na milango juu kwa juu mpaka pakapatikana kimo cha kufanyia kazi. Wauguzi na wakunga walikuwa wachache, akaanza kuwafundisha vijana. Taratibu kituo kile kikawa hospitali yenye wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu na chumba cha kutunzia watoto wachanga.

Kufikia mwaka 2018, hospitali hiyo ilikuwa ikiwahudumia watu zaidi ya 200,000. Kati yao, wapatao 144,000 walikuwa wakimbizi kutoka Blue Nile waliokaa katika kambi za Doro, Yusuf Batil, Gendrassa na Kaya. Kwa wastani kulifanyika upasuaji 58 kila wiki. Mashine ya eksirei ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbovu. Chumba cha upasuaji kilikuwa na taa moja, na umeme ulitoka kwenye jenereta zisizoaminika. Nusukaputi ya kumlaza mgonjwa kabisa haikupatikana, hivyo walitegemea sindano za ketamini na zile za uti wa mgongo. Mke wake na watoto wao wanne walikuwa wakiishi Nairobi, naye aliweza kuwatembelea mara tatu tu kwa mwaka.

Mwaka huo wa 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilimtunuku Tuzo ya Nansen, ambayo hutolewa tangu 1954 kwa kumbukumbu ya Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa wa kwanza kukabidhiwa kazi ya wakimbizi katika Shirikisho la Mataifa. Tuzo hiyo ilikuwa na dola 150,000.

Msomaji na aangalie jambo hili. Daktari Atar si wa dini yetu, na wengi wa wale wakimbizi wa Blue Nile ni Waislamu. Juu ya meza yake hakuuliza kabila wala kibla cha mtu. Sisi tuliofundishwa kuwa anayeokoa roho moja ana daraja kubwa mbele ya Mola wake tuna wajibu wa kumshukuru mtu huyu waziwazi, na kisha kujiuliza: madaktari wetu wako wapi?

Lawama ya Imamu Ghazali

Swali hilo si geni. Imamu Ghazali, katika Ihyaa Uluumid-Din, aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya: wakiutekeleza baadhi, wajibu huwaondokea wote, na wakiuacha wote, wote wana dhambi. Aliwalaumu watu wa zama zake waliosongamana kusomea mabishano ya fikihi, ilhali katika miji mingi hakuna tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na bado yanatuchoma.

Wala haikuwa kwamba Waislamu hawakuwa na wapasuaji. Zahrawi, aliyezaliwa Madinat al-Zahra karibu na Cordoba katika karne ya 10, aliandika Tasrif yenye juzuu 30, na juzuu ya mwisho akaifanya ya upasuaji, akachora ndani yake vyombo vya kazi vipatavyo 200. Na kabla yake, katika Madina ya Mtume, Bibi Rufaida alikuwa na hema la kuwatibu majeruhi.

Haja ya leo ni kubwa. Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji ulio salama kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu, na kwamba katika nchi maskini na za kipato cha wastani panahitajika upasuaji milioni 143 zaidi kila mwaka. Watu wa Mlima Kenya wana afadhali: Tumutumu na Mathari zina hospitali zilizoanzishwa na wamisionari tangu zama za ukoloni, na hospitali ya rufaa ya kaunti ipo Nyeri mjini. Mgonjwa wa Kiunga au wa vijiji vya ndani vya Tana River ana safari ndefu zaidi.

Jawabu kwa wazazi

Sasa nawageukia wazazi. Kuuza mali ya halali kwa ajili ya elimu yenye manufaa ni jambo jema lenye thawabu, kwa masharti. Kwanza, msiuze kile kinachowalisha watoto wengine, wala msimpe mmoja urithi wa ndugu zake kwa jina la karo. Uadilifu baina ya watoto ni amri. Pili, tambueni urefu wa njia: miaka sita ya chuo kikuu, mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, na mitano hivi ya kubobea katika upasuaji. Ng'ombe mmoja hafikishi mtu huko, basi msimuuze kwa pupa ya mwezi wa kwanza.

Tatu, na hili ni la jamaa nzima: ikiwa utabibu ni fardhi kifaya, mzigo wake si wa baba mmoja mwenye ekari moja. Wanazuoni wengi wamejuzisha kumpa zaka mwanafunzi fukara anayesomea elimu yenye manufaa. Kamati za misikiti ya Majengo na za huku pwani zinaweza kukaa pamoja kabla ya matokeo yajayo, zikaandika majina ya watoto wenye haja, wavulana na wasichana, na kupanga nani atachangia nini kwa kila muhula.

Nne, hakuna chuo kinachotoa shahada ya huruma. Mtoto aliyekesha na ndama mgonjwa, aliyempelekea bibi yake maji ya kuoga, aliyefunzwa kutomcheka kilema, ameshaanza masomo yake. Mwambieni tangu sasa kwamba mnamsomesha kwa amana, na itajeni amana yenyewe kwa jina: kijiji fulani, zahanati fulani, wagonjwa fulani wanaomngoja. Daktari Atar alikuwa Misri, na palikuwa na watu Kurmuk. Alijua wapo, akawaendea.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa na nyoyo laini, awaponye wagonjwa wetu, na awajaalie amani watu wa Sudan na Sudan Kusini. Amin. Wabillahi tawfiq.